Kisima cha mita 14: uchambuzi wa kisa cha Chamazi

Saa 4:15 asubuhi ya Jumamosi moja ya mwezi wa Septemba, pampu ya petroli ilizimika ndani ya kisima kilichoko nyuma ya nyumba moja ya Chamazi, mbele ya Mbagala. Haikutimia saa 5:00, kijana wa miaka 19 alikuwa ameshakata roho, na kaka yake amening'inia kwenye ngazi ya nondo, mkono mmoja ameupenyeza kwenye nondo, hajui yuko wapi. Udongo haukuporomoka. Kamba haikukatika. Maji yaliyobaki mle chini yasingemfika mtu magotini.

Kabla ya kuhamia Dar es Salaam nilikaa miaka 11 kwenye kikosi cha uokoaji cha mgodi wa dhahabu Kanda ya Ziwa. Siku ile aliyenipigia simu ni shemeji yangu, jirani wa mama mwenye kisima. Nilipofika, Zimamoto walikuwa wameshautoa mwili. Haya ninayoyaeleza nimeyakusanya kwa wiki tatu: kwa mama mwenyewe, kwa dereva bodaboda aliyekuwepo, na kwa kaka mtu alipopata nafuu ya kuzungumza. Wameniruhusu niyaandike, ila majina yao nimeyaacha.

Mtu akisikia usalama wa mashimo ya migodi, mawazo yanakimbilia Geita, Kahama au Mererani. Mimi naomba tubaki hapa hapa mjini. Kisima kile kina kipenyo cha mita 1.2 na kina cha mita 14. Huko machimboni tungekiita duara, na mtu asingekubali kushuka kabla ya kuuliza hewa ikoje. Chamazi kinaitwa kisima, kwa hiyo hakuna anayeuliza.

Mambo yalivyokwenda

Mama yule anauza maji kwa ndoo. Kiangazi kilipokaza, maji yakashuka mpaka yakabaki nusu mita. Akamwita fundi aliyemchimbia jirani yake, afukue tope na kuongeza mita mbili. Fundi akaja na mdogo wake kama saidia fundi. Juu kisima kina makalavati manne, chini yake ni udongo mtupu wa mfinyanzi uliochanganyika na mchanga. Ngazi ni vipande vya nondo vilivyopindwa na kupachikwa ukutani mpaka mita ya 10.

Ijumaa walitoa maji kwa ndoo na roda. Kazi ikaenda taratibu mno, maana kila wakichota, maji yanarudi. Jioni fundi akaenda kukodi pampu ya petroli. Jumamosi saa 3:20 wakaiweka mdomoni mwa kisima, wakateremsha mpira hadi chini, wakavuta kamba ya kuwashia. Injini ikanguruma vizuri, lakini maji hayakuja hata tone. Fundi akajaza maji kwenye pampu upya, akakaza viungo vya mpira, akawasha tena. Bado hakuna maji. Akampigia mwenye pampu. Jibu alilopewa ni hili, nimemwomba anirudie mara mbili: "Hapo mbali, haifiki. Ishushe chini kidogo, itavuta."

Huo ushauri ulikuwa sahihi kuhusu maji. Ndiyo maana nataka tukae hapa kidogo, kwa sababu ajali yote imelala kwenye simu ile ya dakika moja.

Wengi tunaamini pampu iliyo juu inavuta maji kama mtu anavyovuta soda kwa mrija, na kwamba ikiwa na nguvu zaidi itavuta kutoka mbali zaidi. Sivyo. Pampu inaondoa hewa ndani ya mpira, halafu uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji yapande. Na uzito huo una mwisho wake. Hapa Pwani, usawa wa bahari, unaweza kuyapandisha maji mita 10 na ushee kwa hesabu ya kitabuni; kwa kazi halisi, na mipira yetu hii, ni mita 7 au 8. Maji ya kisima kile yalikuwa mita 13 na nusu chini. Fundi angeleta pampu kubwa mara kumi, asingepata kitu. Lakini pampu ikiwa chini, ikasukuma badala ya kuvuta, mita 9 kwenda juu si tatizo kwake.

Kwa hiyo kila fundi wa visima virefu, na kila mchimbaji mdogo ambaye duara lake limeingia maji, atafika siku moja kwenye njia panda hii: pampu haivuti, kazi imesimama, mwenye kazi anauliza. Na njia ya mkato ipo wazi mbele yake, ishushe injini. Hakuna uzembe hapo. Ni mtu mwenye akili anayetatua tatizo la maji, na hajui kwamba ametengeneza tatizo la hewa.

Walipigilia jukwaa la mbao kwenye mita ya 9, wakaishusha pampu kwa kamba, mdogo mtu akashuka kuiwasha na kupanda haraka. Saa 3:55 hivi maji yakaruka juu. Mama anasema alifurahi, akapanga mabeseni yake akusanye ya kufulia. Watoto wakacheza kwenye mkondo uliokatiza uwanjani. Harufu ya petroli waliisikia mdomoni mwa kisima. Moshi hawakuuona.

Dakika 20 baadaye injini ikaanza kukohoa. Ikapanda, ikashuka, ikazimika.

Fundi akasema mafuta yameisha. Hili nililichunguza mwenyewe, kwa sababu pampu ilipotolewa iliachwa pembeni ya ukuta na hakuna aliyeigusa. Nilifungua tangi: mafuta yalikuwa zaidi ya nusu. Injini haikukosa petroli. Nayo inahitaji hewa safi ili iwake, na hewa iliyokuwa inaivuta ilikuwa ni moshi wake yenyewe. Mashine ilikuwa imeshindwa kupumua mle ndani dakika kumi kabla ya binadamu kushuka. Machimboni tungeichukulia hiyo kuwa king'ora.

Hesabu ya hewa

Chukua kipenyo na kina cha kisima, utapata ujazo wa mita 16 za ujazo, yaani lita 16,000. Ni sawa na chumba kidogo cha kupanga, futi nane kwa nane, bila dirisha, mlango ukiwa kwenye dari.

Injini ile ni ya sentimita za ujazo 163, zile ndogo zinazotumika kwenye pampu nyingi na mashine za kukatia nyasi. Ikifanya kazi kwa nguvu zote huvuta hewa zaidi ya lita 250 kwa dakika. Tuipunguzie, tuseme 150. Kwa dakika 20 ni lita 3,000. Moshi wa injini ndogo ya petroli mara nyingi una gesi ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, asilimia 3 au zaidi. Asilimia 3 ya lita 3,000 ni lita 90. Zisambaze lita 90 kwenye shimo lote na unapata sehemu 5,600 kwa kila milioni. Wataalamu wa usalama kazini wanahesabu sehemu 1,200 kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai. Hapo nimekadiria kwa huruma, na nimejifanya moshi umesambaa sawasawa, wakati kule jukwaani, kando ya ekzosi, lazima ulikuwa mzito zaidi.

Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Watu wa Dar wanaifahamu bila kujua jina lake: ndiyo inayoua familia zinazolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Ikiingia kwenye damu inashikamana na chembe zinazobeba oksijeni kwa nguvu inayozidi ya oksijeni yenyewe mara 200 na zaidi. Damu inaendelea kuzunguka, lakini imebeba mzigo usio wake. Mtu hakabwi, hakohoi, hapigi kelele. Anaishiwa nguvu za miguu, kichwa kinakuwa kizito, anakaa chini kama aliyechoka.

Ndivyo ilivyokuwa. Mdogo mtu alishuka saa 4:25 na kidumu cha petroli mkononi, bila kamba kifuani. Alipofika jukwaani alisema, "Kaka, kichwa," hakumaliza. Walisikia kidumu kikigonga ukuta. Kaka alipochungulia alimwona dogo amekaa, mgongo ukutani, kidevu kifuani. Akadhani ni njaa, maana walikuwa hawajanywa chai.

Mkono wa mama

Kaka alishuka hapo hapo. Nani angemlaumu? Ni mtoto wa mama yake yule, na yeye ndiye aliyemleta mjini kutoka Mkuranga ajifunze kazi. Aliniambia: "Nilikuwa namwona, mzee. Akili inasema shuka, miguu siioni." Alipofika kama mita ya 4 au ya 5 alijua haendi popote. Kitu cha mwisho anachokikumbuka ni kuuingiza mkono wa kushoto kwenye nondo mpaka kwenye kiwiko, ili asidondoke. Hakufundishwa hilo na mtu. Kama asingefanya hivyo, angeangukia juu ya mdogo wake.

Wa tatu alikuwa dereva bodaboda aliyekuja kununua maji. Alishavua viatu, mguu mmoja uko juu ya kalavati. Mama mwenye nyumba akamkamata shati mgongoni kwa mikono yote miwili, mpaka mshono wa begani ukafumuka. "Mwanangu, huendi! Wawili wameingia na hakuna anayeitika. Huko chini kuna kitu."

Nimefundisha watu wengi uokoaji na sijawahi kuona somo likitekelezwa vizuri namna ile na mtu ambaye hakulisoma. Mwaka 1986, taasisi ya Marekani inayochunguza usalama kazini, NIOSH, ilieleza kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa kwenye sehemu finyu za aina hii walikuwa ni watu waliokwenda kuokoa. Katika shimo, maiti ya kwanza huita ya pili kwa upendo. Mama yule alikata mnyororo pale ulipokuwa unafungwa tena.

Yule kijana wa bodaboda, shati limechanika, alilala kifudifudi, kifua kikiwa nje ya mdomo wa kisima, akafunga kitanzi kwenye kamba ya roda. Wakamwita fundi kwa jina, wakaita tena, akainua mkono wa kulia kidogo. Kitanzi kikaingia. Wanaume watano wakamvuta. Jirani mwingine alikuwa ameshapiga 114. Zimamoto walikuja na mitungi ya kupumulia mgongoni, wakashuka, wakamtoa dogo. Kaka alilazwa siku sita, mpaka leo mkono wa kushoto unakufa ganzi.

Jini, mshumaa na kuku

Mzee mmoja wa mtaa, ambaye namheshimu sana, aliniambia kisima kile kina jini, kwamba mahali pale palikuwa na mkwaju wa kale. Sikubishana naye. Nilimwambia tu, "Mzee wangu, alichokiona mama ni sawa, huko chini kulikuwa na kitu." Baadaye alikuja kunisikiliza nilipoeleza habari ya pampu, akatikisa kichwa muda mrefu.

Swali la mafundi lilikuwa lingine: je, wangeshusha mshumaa kwanza? Mafundi wengi wa visima hufanya hivyo, na ni afadhali kuliko kutofanya lolote, lakini mshumaa unapima oksijeni tu. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9, na mshumaa huzimika ikishuka kama asilimia 16. Kwenye shimo lenye kaboni monoksidi ya kuua, oksijeni inaweza kuwa bado inatosha, na mshumaa ukawaka vizuri kabisa, ukamkaribisha mtu. Kwenye mashimo ya vyoo ni balaa jingine, kwa sababu kunaweza kuwa na gesi inayoshika moto. Waliozoea kushusha kuku wapo karibu zaidi na ukweli: Waingereza walitumia ndege wadogo migodini hadi mwaka 1986, kwa sababu ndege hulegea mapema kuliko mtu. Lakini leo kuna kipima gesi kinachoshikika kwenye kiganja, kinasoma oksijeni, kaboni monoksidi, salfaidi ya hidrojeni (ile gesi ya sumu inayonuka kama yai viza) na gesi ya kuwaka kwa pamoja, kinapiga kelele chenyewe. Fundi mmoja hawezi kukinunua kirahisi. Mafundi kumi wa Mbagala wakichangishana wanaweza, na kikakaa kwa mtu mmoja kikaazimwa.

Niliyoyaona kule nilikotoka yamenifundisha kuiogopa hewa kuliko mwamba. Mwaka 2015 pale Nyangalata, Kahama, wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya kifusi. Mwenzao wa sita alifia mle mle. Walikula mizizi na wadudu, wakanywa maji yaliyochuruzika. Siku 41! Kifusi kiliwafungia njia, lakini pale walipokwama hewa ilikuwepo. Miaka 13 kabla ya hapo, Juni 2002, Mererani, makumi ya wachimbaji walikufa kwa kukosa hewa safi ndani ya mashimo ya tanzanaiti. Udongo unakupa siku za kusubiri. Hewa mbaya haikupi hata nusu saa.

Jumamosi ile ingekuwaje

Kama ningekuwepo saa 3:20 pampu ilipokataa kuvuta, ningemwambia fundi akairudishe, akakodi pampu ya umeme ya kuzamisha pamoja na jenereta. Nilimuuliza tofauti ya bei kwa siku ilikuwa kiasi gani. Shilingi 35,000. Mama aliposikia hiyo namba alifunika uso kwa kanga, akasema angetoa, kwamba hakuna aliyemwambia. Nadhani ni kweli. Fundi wetu anaogopa kumwongezea mteja gharama kuliko anavyoogopa shimo, kwa sababu mteja anaweza kumkimbia na shimo halijawahi kumkimbia.

Jenereta inakaa juu na mbali, upande ambao upepo unakwenda, moshi wake usirudi kisimani. Hilo watu hulisahau: wanaiweka mdomoni kwa sababu waya ni mfupi. Kwenye migodi mikubwa niliyofanya kazi, injini ya petroli haishuki chini hata iwe ya dakika moja, na hata za dizeli zinashuka kwa vipimo na feni kubwa.

Na kama injini ilishashuka, ikazimika? Basi kisima kinafungwa mpaka hewa ibadilishwe. Hewa mbaya haijitoi yenyewe, kisima ni chupa. Unahitaji feni ya kupuliza na bomba linalofika chini kabisa, si la kuishia mdomoni. Feni inayosukuma mita 5 za ujazo kwa dakika inaweza kupitisha ujazo wa kisima kile kwa dakika tatu na ushee. Mimi ningeiacha ipulize dakika 20 kabla ya mtu kushuka, na iendelee kupuliza muda wote aliomo.

Halafu kamba. Kila anayeshuka avae mkanda wa kifuani na mapajani, kamba ipite kwenye roda, na juu awepo mtu ambaye kazi yake ni kushika kamba tu. Asichote maji, asijibu simu, asiende dukani. Kila dakika mbili aite, asipojibiwa avute. Dogo alipokaa chini pale jukwaani alikuwa hai. Watu waliomtoa kaka yake walikuwa watano, roda ilikuwa juu tayari, kamba ipo. Kilichokosekana ni kwamba upande wa pili wa kamba haukuwa umefungwa kwenye mwili wake. Katika yote niliyoyaandika, hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu halikuhitaji hata shilingi.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi tunayo tangu mwaka 2003, na OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, wanakagua migodi na viwanda. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi mwaka 2015. Lakini kijana aliyeajiriwa na kaka yake kwa mdomo, kwenye uwanja wa nyumba ya mtu, hana mwajiri aliyemchangia, na mkaguzi hana anwani ya kumfuata. Anayejua kwamba leo kuna mtu anashuka shimoni ni mwenye nyumba, majirani na mjumbe. Nilimwomba mwenyekiti wa mtaa ule atangaze jambo moja dogo: anayeita fundi wa kisima au wa shimo la choo amuulize mambo mawili kabla ya kumpa malipo ya awali, injini itakaa wapi na nani anashika kamba. Alikubali, akatangaza kwenye mkutano wa Jumapili, na mama mwenye kisima akasimama kueleza mwenyewe yaliyomkuta. Watu hawakuhitaji hotuba yangu tena.

Kaka mtu hakufanya kazi miezi minne. Wiki iliyopita akanipigia asubuhi. "Shikamoo, mzee. Niko Kongowe, kisima cha mita 11. Pampu ya umeme nimepata, jenereta nimeiweka nyuma ya choo, upepo unaupeleka moshi barabarani. Feni nimeazima kwa mchomeleaji." Nikamuuliza bomba la feni limefika wapi. Akasema chini kabisa, linagusa maji. Nikamuuliza kuhusu kamba. Hakunijibu mimi, nikasikia amegeuka na kupaza sauti, "Kamba nani kashika?" Sauti ya kijana ikajibu kwa mbali, "Mimi, kaka." Akamwambia asiiachie hata akiitwa na nani, kisha akaniaga ashuke.